Bibliografia yenye maelezo inapoandikwa kabla ya makala yenyewe

Mwanafunzi wa mwaka wa pili akiambiwa aandike makala ya utafiti ya maneno 3,000 "pamoja na bibliografia yenye maelezo", mara nyingi huiona sehemu hiyo ya pili kama mkia. Huandika makala kwanza, kisha usiku wa mwisho anaweka chini ya kila chanzo sentensi mbili tatu za kueleza kitabu kinahusu nini. Mhadhiri anasoma maelezo kumi yanayofanana, anakata alama, na mwanafunzi anabaki akishangaa, kwa sababu vitabu vyote vimetajwa na nukta na koma ziko mahali pake.

Kilichoharibika ni mpangilio wa kazi. Bibliografia yenye maelezo ni hatua inayotangulia makala. Humo ndimo hoja hupatikana, na anayeiandika vizuri huanza makala akiwa na nusu ya kazi mkononi. Anayeiandika mwishoni amefanya kazi mara mbili, na ile ya pili haikumfaa kitu.

Kwanza tuitenganishe na jamaa zake. Orodha ya marejeo hubeba vile tu vilivyotajwa ndani ya makala. Bibliografia ya kawaida inaweza kuongeza ulivyosoma bila kuvitaja. Ikisiri ni muhtasari wa kazi moja, mara nyingi umeandikwa na mwenye kazi mwenyewe, nao haupimi chochote. Mapitio ya maandiko ni nathari inayotiririka: vyanzo vinajibizana na mpangilio unafuata hoja. Bibliografia yenye maelezo inakaa katikati. Kila chanzo kinasimama peke yake, kwa taarifa kamili za uchapishaji, na chini yake aya moja, kwa kawaida maneno 100 hadi 200, inayosema chanzo kinadai nini, kinadai kwa ushahidi gani, kina upungufu gani, na kitafanya kazi gani katika makala yako. Wanafunzi wengi huishia kwenye lile la kwanza.

Swali kwanza

Tuchukue mfano mmoja na kwenda nao mpaka mwisho: Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kusini mwa iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani kati ya 1905 na 1907. Ni mada ambayo wanafunzi wa historia Tanzania huipenda, na ina maandiko ya kutosha kumpoteza mtu.

"Vita vya Maji Maji" peke yake ni mada, bado haijawa swali. Eneo lake linaanzia Umatumbi na Rufiji hadi Ungoni, na wanahistoria wamebishana juu yake kwa zaidi ya nusu karne. "Athari za Vita vya Maji Maji" ni mbaya zaidi, maana inaita orodha: njaa, vifo, mabadiliko ya utawala, mwisho. Hakuna cha kuthibitisha wala cha kupinga.

Swali linalofaa maneno 3,000 ni kama hili: malalamiko juu ya kilimo cha lazima cha pamba yanaeleza kwa kiasi gani kuanza kwa vita Umatumbi mwezi Julai 1905? Lina mahali, lina wakati, lina sababu moja inayopimwa. Watu wawili wenye akili timamu wanaweza kulijibu tofauti, na hicho ndicho kipimo cha kwanza. Kipimo cha pili ni kama vyanzo vinapatikana kwa lugha unazosoma. Aliyechagua swali linalotegemea majalada ya Kijerumani na hasomi Kijerumani ataandika kwa kubahatisha.

Usingoje swali likamilike ndipo uanze kutafuta. Liandike jinsi lilivyo, soma vyanzo viwili vitatu, kisha lirekebishe. Lakini liwe limeandikwa, kwenye karatasi, juu kabisa. Maelezo ya vyanzo yasiyo na swali juu yake hugeuka muhtasari tu.

Kutafuta

Hapa kuna tatizo dogo linalokula muda mwingi, nalo ni tahajia. Vita hivi vinaandikwa "Maji Maji", "Majimaji" na "Maji-Maji". Mganga wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani Mohoro Agosti 1905 ni Kinjikitile kwa wanahistoria wengi na Kinjeketile kwa wasomaji wa tamthilia. Anayetafuta kwa tahajia moja hukosa sehemu ya maandiko na kudhani hayapo. Andika tahajia zote kabla ya kufungua kompyuta, pamoja na majina ya mahali: Umatumbi, Matumbi, Rufiji, Kilwa, Uzaramo.

Pa kutafutia panajulikana: katalogi ya maktaba ya chuo, Google Scholar, JSTOR, na AJOL inayokusanya majarida yanayochapishwa Afrika. Vyuo vingi vya ukanda wetu pia vina haki ya kutumia Research4Life, ila nywila yake hukaa kwa mkutubi na wanafunzi hawaulizi. Muulize. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko wa East Africana wenye vitu usivyoweza kuvipata mtandaoni, na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina majalada ya utawala wa Kijerumani.

Njia yenye tija kuliko kuandika maneno kwenye kisanduku cha kutafutia ni kuanza na kazi ya karibuni iliyo nzuri na kurudi nyuma. Kwa mfano wetu, kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson, kilichotolewa na Brill mwaka 2010, ni mlango mzuri. Soma utangulizi wake na tanbihi zake, nawe utawakuta karibu wote waliotangulia. Kisha nenda mbele: Google Scholar huonyesha chini ya kila kazi ni nani wamekuja kuinukuu baadaye. Ukiona majina yaleyale yanajirudia kila unapogeuka, umefika mahali pa kusimama. Kwa makala ya maneno 3,000, vyanzo 8 hadi 12 vinatosha, na vya upili (kazi za wachambuzi wa baadaye) visizidi vya msingi (ushahidi wa waliokuwapo au wa wakati ule) kupita kiasi kama swali lako ni la kihistoria.

Weka daftari la utafutaji: neno ulilotumia, mahali, tarehe, ulichopata. Linaonekana kama urasimu hadi siku utakapotaka kurudia jambo uliloliona Jumanne na hujui uliliona wapi.

Kusoma na kuandika tini

Si kila chanzo husomwa chote. Makala ya kurasa 25, soma aya za mwanzo, hitimisho, vichwa vidogo na tanbihi chache. Dakika 20 zinatosha kuamua kama inaingia au inatoka. Inayoingia ndiyo husomwa yote, kalamu mkononi.

Tini ziwe na alama tatu zinazotofautiana wazi: maneno ya mwandishi kama yalivyo, ndani ya alama za kunukuu, maneno yako yanayoeleza wazo lake, na mawazo yako mwenyewe. Tumia rangi au herufi, shauri yako. Namba ya ukurasa iandikwe wakati huohuo. Sehemu kubwa ya wizi wa kitaaluma tunaouona kwa wanafunzi huanzia hapa bila hila yoyote: mtu alinakili sentensi nzuri kwenye daftari bila alama, baada ya wiki mbili akaisoma akadhani ni yake.

Aya yenyewe

Haya ni maelezo ya aina inayoletwa mara nyingi, juu ya makala ya John Iliffe ya mwaka 1967:

"Makala hii inazungumzia Vita vya Maji Maji. Mwandishi anaeleza chanzo cha vita, namna vilivyoenea na jinsi vilivyopiganwa. Ni chanzo kizuri kwa sababu mwandishi ni mtaalamu wa historia. Kitanisaidia sana katika utafiti wangu kwa kuwa kina taarifa nyingi muhimu."

Ondoa jina la vita, weka la vita vingine, na aya itabaki sahihi. Hicho ndicho kipimo: maelezo yanayoweza kubandikwa chini ya kitabu chochote hayajaeleza kitabu chochote. Sasa linganisha na haya, yakiwa na ingizo lake kwa mtindo wa Chicago:

Iliffe, John. "The Organization of the Maji Maji Rebellion." *Journal of African History* 8, no. 3 (1967): 495–512.

"Iliffe anauliza jinsi jamii nyingi zisizokuwa na mtawala mmoja zilivyoweza kupigana vita vimoja. Anatofautisha hatua tatu: vita vilianza kama uasi wa wakulima wa Umatumbi na bonde la Rufiji waliochoshwa na unyonyaji, hasa wa pamba; vikapanuka kupitia imani ya maji (dawa iliyoaminiwa kukinga risasi) na waganga walioieneza; na vilipofika mbali zaidi vikaegemea tena mipangilio ya kila kabila. Faida yake kwangu ni kutenga kuanza kwa vita na kuenea kwake, mambo ambayo huchanganywa. Upungufu wake ni kwamba wakulima wa Umatumbi wanaonekana kama kundi moja, na nafasi ya wanawake na ya migogoro ya ndani ya vijiji haichunguzwi. Nitaitumia katika sehemu ya kwanza kama hoja ya pamba katika umbo lake lenye nguvu zaidi, kisha nitaipima kwa Sunseri (1997), anayetanguliza njaa na mivutano ya kijinsia, nikikumbuka kwamba yeye anaandika juu ya Uzaramo."

Tazama kilichofanyika. Sentensi ya kwanza inataja swali la mwandishi, si mada yake. Ya pili inatoa jibu lake kwa vipande vinavyoweza kupingwa. Ya tatu na ya nne zinapima, na zinapima kwa ajili ya swali lako. Kusema "makala ni ya zamani" hakutoshi: la zamani linaweza kuwa ndilo bora. Uzee unakuwa upungufu pale tu unapoonyesha ni kitu gani hakikuonekana kwa sababu yake. Sentensi ya mwisho inakipa chanzo kazi na kukikutanisha na kingine. Wanafunzi huiruka hiyo ya mwisho kuliko zote, nayo ndiyo yenye thamani kubwa, kwa sababu ukiikosa hujui kwa nini ulikisoma.

Vitenzi vinaamua mengi. "Anazungumzia", "anaelezea" na "anagusia" havibebi hoja. Jaribu "anadai", "anakanusha", "anakadiria", "anatofautisha", "anahoji", "anathibitisha", "anapuuza". Ukishindwa kupata kitenzi cha namna hii, hujaielewa bado hoja ya mwandishi. Rudi kwenye hitimisho lake.

Kupima nako kuna mtego wake. "Mwandishi ni profesa" si upimaji. "Makala imepitiwa na wataalamu kabla ya kuchapishwa" ni sharti la kuingia mlangoni tu. Uliza ushahidi ametoa wapi, nani hakuhojiwa, eneo alilolichunguza linafanana na lako au la. Makala ya Thaddeus Sunseri ya 1997 inayotajwa hapo juu inazungumza juu ya njaa, nguruwe pori walioharibu mazao, na mvutano kati ya wanawake na wanaume. Ni makala yenye nguvu, lakini ni ya Uzaramo. Mwanafunzi anayeichukua na kuimwaga Umatumbi bila kusema neno amefanya kosa ambalo hakuna mtindo wa marejeo utakaolificha. Hali ni ileile kwa Felicitas Becker (2004), anayeangalia wafanyabiashara na wakubwa wa mahali kusini mashariki, na Jamie Monson (1998), anayeangalia miungano na madaraka katika nyanda za juu za kusini tangu 1870. Kila mmoja ana eneo lake. Kuandika eneo hilo ndani ya maelezo kunakuepusha na kudhani kwamba wanapingana wakati huenda wanatazama sehemu tofauti za vita vilevile.

Vyanzo vya msingi vina maelezo ya namna nyingine

Chanzo cha msingi mara nyingi hakina hoja ya kufupishwa. Kina msimamo. Kwa hiyo maelezo yake yanauliza: nani aliandika au kusema, lini, akiwa wapi, kwa ajili ya nani, na alikuwa na sababu gani ya kusema hivyo.

Gustav Adolf von Götzen alikuwa gavana wa koloni tangu 1901 hadi 1906, na mwaka 1909 akachapisha Berlin kitabu juu ya uasi huo. Ni shahidi wa karibu sana, na ni mtu ambaye sera yake ya pamba ilikuwa ikilaumiwa. Hayo mawili yaandikwe pamoja katika aya moja. Kusema tu kwamba kitabu "kina upendeleo" hakusaidii. Kila chanzo kina upendeleo. Sema upendeleo huo unapotosha jambo gani: kwa swali letu, maneno yake juu ya sababu za vita yanahitaji tahadhari kubwa kuliko maneno yake juu ya askari walitumwa wapi na lini.

Upande wa pili kuna kumbukumbu za wazee wa Umatumbi zilizokusanywa na G. C. K. Gwassa na kutolewa pamoja na Iliffe mwaka 1968, pamoja na kazi ya Mradi wa Utafiti wa Maji Maji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1968 hadi 1969, ambamo wanafunzi walihoji wazee katika maeneo mbalimbali. Bila kumbukumbu hizi tungekuwa na sauti ya mkoloni peke yake. Hata hivyo zilisemwa zaidi ya miaka 60 baada ya tukio, katika nchi iliyopata uhuru karibuni na iliyokuwa ikitafuta mizizi ya umoja wake. Swali aliloulizwa mzee, na nani alimuuliza, vina uzito katika jibu lake. Maelezo mazuri hulisema hilo bila kuzitupa kumbukumbu zenyewe.

Kuna pia utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya vita hivyo, uliotolewa na W. H. Whiteley mwaka 1957 kwa Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Unafaa kuonyesha jinsi vita vilivyoonekana machoni pa mtu wa pwani, na utamsaliti anayeutumia kueleza mawazo ya wakulima wa bara waliopigana.

Na tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, ya 1969? Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu wameisoma sekondari na wanaipenda. Hunukuu maneno ya mhusika kana kwamba ni maneno ya mganga wa Ngarambe. Tamthilia ni chanzo bora kabisa juu ya jinsi Watanzania wa miaka ya 1960 walivyovitazama vita hivyo. Juu ya mwaka 1905 si shahidi. Kama swali lako ni la pamba, iache nje, hata kama inauma.

Tarakimu nazo zina adabu yake. Idadi ya waliokufa inayotokana na taarifa rasmi za Wajerumani ni 75,000, ilhali Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Wanafunzi wengi hukutana na kadirio la Gwassa katika kitabu cha Iliffe cha 1979 kuhusu historia ya Tanganyika. Kama hapo ndipo ulipoliona, sema hivyo: Gwassa, kama alivyonukuliwa na Iliffe. Kinachoingia kwenye bibliografia ni kitabu ulichokifungua. Kuandika maelezo ya kazi ambayo hujaishika ni uongo, na mhadhiri anayeifahamu huutambua kwenye sentensi ya pili.

Kuvuka kutoka maelezo hadi makala

Ukiwa na maelezo kumi, chora jedwali. Mistari ya kulala iwe vyanzo. Safu za kusimama ziwe vipande vya swali: pamba, njaa, imani ya maji, uongozi wa mahali. Jaza kila kisanduku kwa maneno matano sita kutoka kwenye maelezo, na acha wazi pale ambapo chanzo hakisemi kitu. Visanduku vitupu ndivyo vya kutazama. Safu iliyo tupu karibu yote ina maana mojawapo kati ya mbili: hukutafuta vya kutosha, au umepata pengo ambalo makala yako inaweza kulisemea. Chanzo ambacho mstari wake ni mtupu kiondoke, hata kama kilikugharimu siku nzima.

Kwenye jedwali hilo hoja kuu hujitokeza. Inaweza kuwa hivi: pamba inaeleza kwa nini hasira zilikuwapo Umatumbi, lakini haitoshi kueleza kwa nini watu walisimama Julai 1905, kwa hilo tunahitaji imani ya maji na mahusiano ya uongozi yaliyokuwapo kabla ya pamba. Sentensi hiyo inapingika, inategemea vyanzo ulivyonavyo, na tayari imegawa makala katika sehemu. Ikitokea jedwali linakwenda kinyume na ulichotaka kusema tangu mwanzo, badili ulichotaka kusema.

Gawa maneno kabla ya kuandika. Kwa 3,000: utangulizi wenye swali na hoja, 300, usuli wa koloni na mpango wa mashamba ya pamba ulioanza 1902, 400, sehemu tatu za hoja, 600 kila moja, pingamizi kubwa kabisa dhidi yako na jibu lake, 300, hitimisho, 200. Usuli ndio hupenda kuvimba. Mwanafunzi anayejua mambo mengi ya Wajerumani hutumia maneno 1,200 kabla ya kufika Umatumbi, kisha hoja inabanwa kwenye kurasa mbili za mwisho.

Kila aya ianze na dai lako. Aya zote zikianza "Iliffe (1967) anasema", "Sunseri (1997) anasema", umeandika bibliografia yenye maelezo mara ya pili bila kuipangia mistari. Mwandishi aingie katikati ya aya, kama shahidi anayeitwa kuthibitisha jambo ambalo tayari umelisema.

Mtindo, majina, na tafsiri

Fuata mtindo ulioagizwa na idara. Historia mara nyingi hutumia Chicago na tanbihi, sayansi ya jamii APA, fasihi MLA. Katika yote mitatu ingizo hupangwa kwa alfabeti ya jina la ukoo, na mstari wa pili na inayofuata husogezwa ndani sentimita 1.27. Katika APA aya ya maelezo huanzia chini ya ingizo, yote ikiwa imesogezwa kiasi hichohicho. Katika MLA husogezwa sentimita 2.54. Tumia kipengele cha aya cha programu ya kuandikia. Anayesogeza kwa kubonyeza nafasi mara nane huona kila kitu kikivurugika akibadili ukubwa wa herufi. Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeo, itakupangia ingizo, lakini hurithi makosa ya tovuti ilikochota taarifa: majina yote kwa herufi kubwa, mwaka wa kupakia badala ya mwaka wa kuchapishwa, jina la kwanza na la ukoo yamebadilishana. Kagua moja moja.

Majina ya pwani yana shida yake. "Bin" si jina la ukoo, na katalogi hazikubaliani kama Abdul Karim bin Jamaliddini aanzie kwenye A au J. Angalia anavyoingizwa kwenye katalogi ya maktaba yako, fuata hivyo, na usibadili katikati. Kichwa cha kitabu cha Kijerumani kibaki Kijerumani, na tafsiri yake iwekwe kwenye mabano ya mraba.

Anayeandika kwa Kiswahili huku akisoma kwa Kiingereza ana kishawishi cha pekee. Aya ya Iliffe ikitafsiriwa vizuri inaonekana mpya kabisa, na programu za kukagua wizi zinaweza zisione kitu. Bado ni maneno yake. Ukitafsiri sentensi yake kama ilivyo, iweke ndani ya alama za kunukuu, taja ukurasa, na ongeza "tafsiri yangu". Asilimia ya kufanana inayotolewa na programu hizo pia isikutishe wala kukutuliza: asilimia 25 inaweza kuwa nukuu halali na orodha ya marejeo, na asilimia 4 inaweza kuwa aya nzima iliyoibwa.

Programu za akili mnemba zimeleta kosa jingine, vyanzo ambavyo havipo. Zinaweza kukupa mwandishi wa kweli, jarida la kweli, juzuu na kurasa zinazoaminika, na makala ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiandika. Ukaguzi wake ni mfupi. Fungua tovuti ya jarida, nenda kwenye juzuu hilo, tazama yaliyomo. Kama kuna DOI (namba ya kudumu ya utambulisho wa makala mtandaoni), iandike baada ya doi.org/ uone inafungua nini. Kama makala haipo, futa.

Kwa muda wa wiki tatu, tumia siku tatu kwa swali na utafutaji, siku nane kusoma na kuandika maelezo siku ileile uliyosoma, siku moja kwa jedwali na hoja, siku sita kwa rasimu, na zilizobaki kwa masahihisho. Maelezo yanayoandikwa siku mbili baada ya kusoma huwa mafupi na ya jumla, kwa sababu kilichobaki kichwani ni mada tu.

Masahihisho ya mwisho yafanyike pande mbili. Kila jina lililo ndani ya makala liwe kwenye orodha, na kila lililo kwenye orodha liwe limefanya kazi ndani ya makala. Kisha rudi kwenye maelezo yenyewe. Yaliandikwa kabla ya hoja kukomaa, kwa hiyo sentensi za "nitaitumia katika sehemu ya kwanza" huenda si za kweli tena. Kama bibliografia inawasilishwa pamoja na makala, zibadilishe ziseme ulichofanya hasa. Kama kozi inataka bibliografia iwasilishwe mapema peke yake na makala ije baadaye na orodha ya kawaida ya marejeo, ondoa aya zote za maelezo kwenye nakala ya mwisho lakini usizifute kwenye kompyuta. Kozi ya semesta ijayo juu ya ukoloni wa Wajerumani itauliza baadhi ya maswali hayohayo.